Lango Zima au Nusu

Swali lilikuwa moja tu, na Ingelise Krogh alitaka lijibiwe kabla kahawa haijapoa: lango liwe zima au nusu?

Majirani sita wa mtaa wa Lærkevang walikuwa wamebanana jikoni kwake, Jumapili alasiri ya mwezi wa Desemba. Theluji haikuwa imeanguka bado. Rasi nzima ya Jutland ilikuwa na matope tu na upepo. Jumatano ya juma la pili yake, Ragnhild na Solvej wa nyumba namba tisa wangekuwa na sikukuu ya ndoa yao, na kwa desturi majirani huamka alfajiri, wakaweka lango la matawi ya msonobari mlangoni, wakaimba mpaka wenye nyumba wakatoka na nguo zao za kulalia, wakajifanya wameshtuka. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwamba hakuna aliyeweza kusema ni sikukuu ya miaka mingapi.

Tarehe kumi na nane Desemba mwaka 1999, wanawake hao wawili walikwenda ofisi ya manispaa wakatoka na karatasi iliyoitwa muungano wa kusajiliwa, kwa kuwa ndoa yenyewe sheria ya wakati huo iliwapa mwanamume na mwanamke tu. Sheria ilipobadilika mwaka 2012, walirudi ofisi ileile tarehe kumi na nane Juni, wakafunga ndoa. Sasa piga hesabu. Ukianzia karatasi ya kwanza, Jumatano ni miaka ishirini na mitano kamili, ndoa ya fedha, na ndoa ya fedha hupewa lango zima. Ukianzia karatasi ya pili, Jumatano hiyohiyo ni miaka kumi na miwili na nusu, ndoa ya shaba, na ndoa ya shaba hupewa nusu lango: nguzo moja, na tao linaloishia hewani, kwa sababu safari imefika katikati.

"Mimi sina ubaya na mtu," alisema Preben Hvass. "Wote wawili nawapenda. Lakini namba ya miaka inayowekwa juu ya lango naikata mimi, na uongo sikati. Ndoa yao ina miaka kumi na miwili na nusu. Shaba."

Preben alikuwa karani wa manispaa kwa miaka thelathini na minne. Alistaafu, lakini ukarani haukustaafu.

"Na ile kumi na miwili na nusu ya kwanza," Ingelise akamuuliza, "walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanangoja basi?"

"Walikuwa kwenye muungano."

"Muungano. Kama chama cha ushirika cha maziwa."

"Sheria sikuitunga mimi, Ingelise."

"Hukuitunga, lakini unalala nayo kama mto."

Tage, mpiga akodioni wa mtaa, mzee asiyependa ugomvi, akainua kidole. "Je, tukiweka robo tatu?"

"Tage," Ingelise alimwambia, "wewe piga akodioni."

Watu wakacheka, Preben hakucheka. Akasogeza kikombe chake, akasema kwa utulivu, na utulivu huo ndio uliomshinda Ingelise. "Mapenzi ni ya watu wawili. Hayo hata serikali haiyaulizi. Ndoa ni kitu kingine. Ndoa ni pale watu wa nje wanaposema: tumewaona, tumewaandika, kuanzia leo nyinyi ni nyumba moja. Bila hilo kila mtu angefunga ndoa jikoni kwake na kuivunja jikoni kwake. Sasa niambie, sisi watu wa nje tulisema hivyo lini? Tulisema mwaka 2012."

Ingelise hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alikuwa amelea watoto wanne, wawili kati yao akiwa mjane, na watoto wanne humfunza mtu kujibu. Lakini hapo alikosa, kwa sababu Preben alikuwa amegusa kidonda asichokijua.

Mwaka 1999 Ingelise alikuwepo. Alikuwa dirishani, na mtoto mwenye homa begani, alipoona gari jekundu la namba tisa likirudi kutoka manispaa. Huko kwao hata siku ya harusi majirani huweka matawi mlangoni, na lango la nyumba hiyo lilikuwa jukumu lake: kwa desturi, kazi ni ya jirani wa mkono wa kulia. Mumewe, Aksel, alikuwa amesema, "Tuwaache, pengine hawataki makuu," naye akakubali, si kwa kuwa aliamini, bali kwa kuwa ilikuwa rahisi. Akamwona Ragnhild akishuka garini na suti yake, akasimama mbele ya ngazi tupu za mlango wake, kisha akachukua ufagio akazifagia.

Mwaka 2012 haukuwa na nafuu. Mtaa ulifanya vikao vitatu kujadili kama siku ile ni harusi au ni ndoa ya shaba ya ule muungano, na kikao cha tatu kilipoahirishwa, siku yenyewe ilikuwa imepita na stroberi zilikuwa zimekwisha shambani.

Kwa hiyo hii ilikuwa mara ya tatu. Ingelise alikuwa na miaka sitini na mitatu na magoti mabovu. Hakutegemea kupewa mara ya nne.

Kikao kiliisha bila uamuzi. Wakakubaliana jambo moja: fremu ya lango ichukuliwe kwanza, na ichukuliwe nguzo moja tu, nusu iliyo hakika, mpaka Preben na Ingelise wapatane. Na hapo kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakuna aliyetaka kukitaja kwa sauti. Fremu ya lango la mtaa aliitengeneza Ragnhild, aliyekuwa seremala maisha yake yote. Ilikaa bandani kwake. Ili kumshtukiza mwenye sherehe, ilibidi kwanza kumwibia.

*

Kila Alhamisi saa nne asubuhi Ragnhild na Solvej walikwenda bwawa la kuogelea mjini. Ingelise alikuwa na ufunguo wa namba tisa, kama wao walivyokuwa na wa kwake. Alingoja gari litoke, akahesabu dakika tano, akasukuma toroli hadi bandani.

Banda lilikuwa safi kuliko jikoni la watu wengi. Nguzo mbili ziliegemea ukutani, na juu yake vipande viwili vya tao, vimekatwa vizuri hata ukivisogeza pamoja vinashikana vyenyewe. Ingelise akaondoa ukutani nguzo moja na kipande kimoja cha tao, akakiweka kipande kwenye toroli nje. Alirudi kuchukua nguzo. Alikuwa ameikumbatia aliposikia gari.

Kujificha hakukuwezekana. Nguzo ilikuwa na urefu wa mita mbili na robo, na Ingelise mwenyewe hakuwa mwembamba. Akasimama nyuma ya mlango, nguzo mkononi, kama askari wa zamu.

Ragnhild akaingia, na mbwa wake, Mulle, nyuma yake. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na minane, nywele fupi za mvi, mabega bado ya kubeba mbao. Akatazama ukuta. Akatazama toroli kupitia mlango wazi. Kisha akafanya anachotakiwa kufanya mwenye sherehe akikutana na maandalizi yake: hakuona kitu.

"Mulle," akamwambia mbwa, "humu ndani hamna mtu."

Mulle akaenda moja kwa moja kunusa viatu vya Ingelise, mkia ukipiga mlango.

"Hamna mtu, nimesema. Nimerudia taulo la Solvej, basi. Ila naona nguzo moja imeondoka ukutani na moja imebaki. Tao nalo, nusu ipo, nusu haipo. Panya wa siku hizi wanajua hesabu."

Ingelise akasukuma pua ya mbwa kwa kiatu.

Ragnhild akaketi juu ya benchi la kazi, akawa anakuna kidevu cha mbwa. "Nikwambie kitu, na wewe usimwambie mtu. Malango kumi na moja nimeyajenga mtaa huu. Preben na mkewe, Bodil, nimewajengea la fedha, zima, na nilikuwa najua Bodil ana sanduku la kuondokea limeshafungwa. Alinionyesha mwenyewe. Pasaka hakuifikisha pale ndani. Ulinisikia nikisema, jamani, hawa tuwawekee nusu?"

Mulle hakusema kitu. Ingelise alimeza kicheko, kikamuumiza kifua.

"Mimi, kusema kweli, sijali. Mlango mtupu haumsumbui aliyeuzoea." Ragnhild akahamia kukuna sikio la mbwa. "Solvej amenunua gauni jipya la kuvaa asubuhi juu ya nguo za kulalia. La buluu. Eti la baridi. Miaka yote anavaa sweta langu lililotoboka kiwiko, na baridi haikumsumbua hata siku moja. Amelificha nyuma ya mashuka, anadhani sijaliona. Kwa hiyo Jumatano atafungua mlango na gauni lake la buluu. Akikuta nusu atacheka, atamshukuru kila mtu kwa jina, atawamiminia kahawa. Unamjua. Halafu wakishaondoka ataniuliza: kumbe ile miaka ya mwanzo tulikuwa tunakaa tu? Na mimi jibu la kumpa sina."

Akasimama, akapangusa suruali. Sauti yake ikawa ya kawaida tena, ya fundi.

"Basi kama ni nusu, Mulle, panya warudishe vitu ukutani, watu wanywe kahawa makwao. Na kama kuna panya mwenye akili akabeba zote mbili, skrubu ziko kwenye kopo la biskuti. Achukue zile ndefu. Fupi hazishiki."

Akatoka. Ingelise akasikia mlango wa gari, kisha injini, kisha upepo peke yake.

Akachukua kopo zima la biskuti. Kisha akabeba nusu ya tao iliyobaki, na nguzo ya pili.

*

Hakwenda kwake. Alisukuma toroli moja kwa moja hadi gereji ya Preben, upande wa pili wa barabara, nguzo zikigongana na kopo likilia kama njuga. Preben alikuwa amekaa kwenye meza ndogo ya kazi, akila mkate mweusi wenye ini la kusaga. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili za kadibodi, moja ya rangi ya fedha, moja ya shaba. Hakuna iliyokatwa.

"Mbona nguzo mbili?" akasema. "Tulikubaliana moja."

"Nimekuja kukuuliza jambo. Sikuja kugombana."

"Wewe huwezi kuuliza bila kugombana."

"Leo najaribu. Sogea." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Jumapili ulisema ndoa ni pale watu wa nje wanaposema tumewaona. Nimeligeuza neno hilo siku nne. Ulisema kweli."

Preben akaweka mkate chini. Katika miaka thelathini ya ujirani hilo hakuwahi kulisikia kutoka kinywa hicho.

"Lakini watu wa nje ni nani?" Ingelise akaendelea. "Aksel aliumwa mwaka 2005, miezi kumi na minne. Akizidiwa saa kumi na moja alfajiri, manispaa haipokei simu. Nilikuwa nagonga namba tisa. Ragnhild akichoka kuendesha gari kwenda hospitali, Solvej anaendesha. Solvej akiwa na zamu jikoni shuleni, Ragnhild analala kwangu na watoto. Mtu mmoja, Preben, anakusaidia siku anayoweza. Nyumba inakusaidia hata siku ambayo mmoja hawezi. Hiyo ndiyo faida ya ndoa kwa sisi tulio nje yake. Mengine yote ni yao huko ndani. Mwaka ule niliiegemea nyumba ile kwa uzito wangu wote, na unaniona, mimi si mwepesi. Haikuyumba. Sasa niambie ulikuwa muungano ule, au ilikuwa ndoa?"

"Kisheria..."

"Sijakuuliza kisheria."

Preben akachukua kisu cha kukatia kadibodi, akakifungua, akakifunga. Nje upepo ulipeperusha kifuniko cha pipa la taka la mtu, kikaviringika barabara nzima, hakuna aliyetoka kukifuata.

"Mimi nilikuwepo," alisema mwishowe.

"Ulikuwepo wapi?"

"Mwaka 1999. Mashahidi wanatakiwa wawili, na wao hawakuja na mtu. Nilitolewa dawatini, mimi na mama wa usafi. Sahihi iliyopo kitabuni ni yangu."

Ingelise akamkodolea macho. "Miaka ishirini na mitano hujasema."

"Mambo ya ofisi hubaki ofisini."

"Haya. Ukaona nini?"

Preben akakifungua kisu. "Ragnhild alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele. Nadhani alitoka kazini moja kwa moja, akavaa suti akasahau kichwa. Afisa anasoma, Solvej analitoa, chembe moja moja, anaweka kiganjani asichafue zulia. Afisa akanyamaza akamngoja amalize. Chumba kizima kikamngoja." Akafunga kisu tena. "Nikarudi dawatini, nikampigia Bodil simu. Akaniuliza kuna nini. Sikuwa na la kumwambia."

Ingelise akasogeza kadibodi ya fedha karibu na mkono wake.

"Sasa shida yangu unaiona," Preben alisema. "Neno 'muungano' kitabuni niliandika mimi, kwa mkono huu. Nikikata ishirini na tano, ni kama naandika upya."

"Basi andika upya."

"Kitabu cha serikali hakiandikwi upya."

"Nani amesema kitabu? Nimesema kadibodi."

Preben akatikisa kichwa, na ilikuwa vigumu kujua anakataa au anacheka. "Niache nifikirie, Ingelise. Mimi si mtu wa haraka."

"Una mpaka Jumatano. Asubuhi."

*

Jumanne saa kumi alasiri wakafunga matawi gerejini kwa Ingelise. Nguzo mbili zilikuwa zimelazwa sakafuni, tao zima juu yake, na kila aliyeingia alizitazama, akamtazama Ingelise, akavua glovu. Hakuna aliyeuliza. Ingelise alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo: watu watabishana wiki nzima juu ya lango lililo kichwani, lakini ukiliweka sakafuni ukawapa waya na mkasi, wanafunga matawi. Walikunywa divai ya moto yenye zabibu kavu. Walimtania Tage kwamba amefunga ndevu zake pamoja na msonobari. Binti mdogo wa Ingelise, ambaye sasa alikuwa na mimba ya pili, alikaa kwenye kiti akisuka maua ya karatasi na kumwagiza kila mtu. Preben hakuja, ila taa ya gereji yake ilikuwa inawaka, na kutoka huko kulisikika mlio wa kitu kigumu kikikatwa, na mara moja, waziwazi, tusi.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi lango lilisimama mlangoni kwa namba tisa. Kulikuwa bado na giza, na matawi yalinukia hata mtu akajisikia mtoto. Skrubu ndefu zilishika. Ingelise alilitikisa kwa mikono miwili, halikusogea. Watu ishirini na kitu walikuwa wamejipanga kwenye ngazi na bustanini, mishumaa mikononi, mikate midogo ya moto ndani ya vitambaa, chupa ya kinywaji kikali cha mitishamba ikipita mkono kwa mkono kwa ajili ya baridi. Lilikuwa lango zuri kuliko yote kumi na moja. Juu yake, katikati ya tao, palikuwa na nafasi tupu.

"Preben yuko wapi?" Tage akanong'ona.

"Sijui."

"Tuanze?"

Ingelise alitazama ng'ambo ya barabara. Taa ya gereji ilikuwa imezimwa. Lango zima bila namba lilikuwa lango lililomung'unya maneno. Lilisema: tumekuja, lakini sisi wenyewe hatujui tumekujia nini.

"Anza," akasema.

Tage akafungua akodioni, na mtaa ukaimba. Waliimba vibaya, wenye sauti nene wakitangulia na wenye sauti nyembamba wakiwafuata, mpaka taa ikawaka juu, kisha ya ngazi, kisha mlango ukafunguka.

Solvej alitoka wa kwanza, mfupi, mviringo, uso mwekundu wa usingizi, ndani ya gauni la buluu lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Akaweka mikono mashavuni. "Jamani," akasema, "mmenishtua, sikuwa na habari," na alisema vizuri hata Tage akaamini. Ragnhild alikuwa nyuma yake na sweta lililotoboka kiwiko. Yeye hakujua kuigiza. Alitazama nguzo ya kushoto, akatazama ya kulia, akafuata tao kwa macho kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na uso wake wote ukalegea. Kisha macho yakafika katikati, kwenye nafasi tupu, yakasimama hapo.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyeanzisha mwingine.

Ingelise alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema kwamba kosa ni lake, la leo na la 2012 na la 1999, kwamba alikuwa dirishani na alimwona akifagia. Alikuwa ameshavuta pumzi.

"Nipisheni," sauti ilisema nyuma. "Ngazi inapita."

Preben alikuwa amevaa suti. Si suti yoyote: ile ya kijivu aliyokuwa akivaa ofisini siku za ndoa, imembana tumboni. Begani alikuwa na ngazi, na kwapani kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa na plasta. Akaweka ngazi, akapanda bila kumsalimu mtu, akafungua kitambaa, akakigonga kitu kile juu ya tao kwa misumari minne. Akashuka.

Ilikuwa mbili na tano. Ilikuwa ya bati, imesuguliwa mpaka ikashika mwanga wa mishumaa yote iliyokuwepo.

"Samahani kwa kuchelewa," Preben alisema, akiwatazama wenye nyumba na kuwasahau wengine. "Tano ilinisumbua. Nilitaka iwe ya bati. Kadibodi ikipigwa na mvua moja imekwisha."

Solvej akashuka ngazi na ndara zake, akapita chini ya tao, akamshika Preben mikono yote miwili, na plasta zake.

"Shahidi wetu amefika," akasema.

Manong'ono yakapita bustanini: shahidi, shahidi gani, yeye? Tage akamgeukia Ingelise, Ingelise akampuuza. Preben alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nilidhani mmesahau," akasema.

"Tukusahau vipi? Ulilia."

"Sikulia. Nilikuwa na mafua."

"Ulilia, bwana," Ragnhild akasema kutoka mlangoni. "Mama wa usafi alikupa leso. Tulitaka kukualika chakula siku ile, tukaona haya."

"Mngenialika ningekuja."

"Leo unaalikwa."

Ingelise akaona ni wakati wa mtu mwenye akili timamu kushika usukani, la sivyo watu wote wangelia na mikate ingepoa. "Haya, piteni langoni," akasema. "Wote wawili, mkono kwa mkono, ndivyo inavyotakiwa. Ragnhild, acha kuchungulia maungio, ni imara, nimetumia skrubu ndefu."

"Nani alikwambia utumie ndefu?" Ragnhild akauliza, bila kubadili uso.

"Panya."

Wakapita. Solvej alirudi juu akamchukua Ragnhild, wakashuka bega kwa bega chini ya matawi, gauni jipya na sweta lililotoboka, watu wakapiga makofi ya glovu yasiyo na sauti, na Tage akaanza wimbo wa harusi, ule wa siku ya kwanza kabisa, ambao hakuna aliyemwagiza. Ingelise aliuimba wote kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani bila kujali nani anamsikia.

Walipofika chini Ragnhild akageuka kulitazama lango kwa mbele. Akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia.

"Preben. Tano imelala."

"Haijalala. Nimepima kwa pima maji."

"Imelala, bwana. Kidogo, lakini imelala."

"Ragnhild, ni sherehe yako," Ingelise alisema. "Ingia ndani ukae, kwa leo tu."

Lakini Ragnhild alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Akapanda na suruali yake ya kulalia, akanyoosha mkono juu, akaanza kung'oa msumari kwa vidole na kunung'unika juu ya watu wa ofisini na nyundo. Solvej hakumwambia ashuke. Alikusanya pindo la gauni lake lisiguse matope, akashika ngazi kwa mikono miwili, na tumbo lake akaliegemeza hapo kuongeza uzito.

"Tuendelee kuimba au tuingie?" Tage akauliza.

"Imbeni," Ragnhild akajibu kutoka juu. "Mpaka niinyooshe hii tano."

Ilichukua nyimbo nne. Ya tatu waliirudia, kwa kuwa Preben alidai sasa imelala upande wa pili.